Wanamjua, wamejiandaa, na bado anawapita

Dakika ya 123 ya fainali ya Kombe la Dunia, pale Lusail, Qatar, Desemba 18, 2022. Argentina 3, Ufaransa 3. Mpira mrefu unawavuka mabeki wa Argentina, unadunda, na Randal Kolo Muani anajikuta uso kwa uso na kipa. Anaupiga chini, kwa nguvu. Emiliano Martínez anajitanua mzimamzima, mguu wake wa kushoto unauzuia. Mpira unakimbizwa upande wa pili, Lautaro Martínez anapiga kichwa nje, filimbi inalia. Zikaja penalti, Argentina wakashinda 4–2, na Lionel Messi, akiwa na miaka 35, akabeba kombe alilokuwa akilisaka tangu 2006.

Kwa watu wengi ubishi wa nani mchezaji mkubwa wa wakati wote uliisha usiku ule. Hata wale wa kambi ya Cristiano Ronaldo walikubali, ingawa kwa shingo upande. Mimi sina ugomvi na hukumu yenyewe, ila nina ugomvi na sababu zilizotolewa. Tuseme mguu wa Martínez umechelewa kidogo tu. Kolo Muani anafunga, Ufaransa wanaondoka na kombe lao la tatu. Messi anabaki yuleyule: mabao 7, akiwa amefunga hatua ya makundi, 16 bora, robo fainali, nusu fainali na fainali, jambo ambalo hakuna mwingine aliyewahi kulifanya katika Kombe la Dunia moja. Hakuna hata mguso wake mmoja wa mpira ambao ungebadilika. Lakini vijiweni angeitwa nini? Mchezaji wa klabu. Kombe la Dunia limemshinda. Hawezi kumfikia Maradona. Yote hayo kwa sababu ya mguu wa mtu mwingine, kwenye boksi ambalo yeye hakuwemo.

Kama makombe ndiyo mzani, basi tumeukabidhi ukubwa wa mchezaji kwa bahati nasibu.

Na hatuuamini mzani huo hata sisi wenyewe. Stéphane Guivarc'h alianza fainali ya 1998 kama mshambuliaji wa kati wa Ufaransa, akamaliza mashindano bila bao hata moja, na medali ya bingwa wa dunia anayo. Johan Cruyff hana. Ferenc Puskás hana. Puskás alikuwa nahodha wa Hungary ile iliyokwenda Wembley Novemba 1953 ikawapiga Waingereza 6–3 kwao, kisha mwaka uliofuata ikaongoza 2–0 katika fainali ya Kombe la Dunia na kufungwa 3–2 na Ujerumani Magharibi. Mwaka 1960, akiwa Real Madrid, alifunga mabao manne katika fainali moja ya Kombe la Ulaya, ile ya 7–3 dhidi ya Eintracht Frankfurt. Nenda kwenye kijiwe chochote umweke Guivarc'h juu ya Puskás kwa sababu ya medali, uone kama utamaliza kahawa yako. Kombe linatumika kama fimbo ya kumchapia mchezaji usiyempenda. Kwa unayempenda, utaambiwa soka ni mchezo wa timu.

Takwimu nazo haziendi mbali zaidi. Kwa miaka mingi mfungaji bora wa muda wote wa timu za taifa alikuwa Ali Daei wa Iran, mabao 109, mpaka Cristiano alipompita Septemba 2021. Ni lini ulisikia mtu akimtaja Daei katika kumi bora? Pelé kwa upande wake anahesabiwa mabao zaidi ya 1,000, na ndani yake yamo ya mechi za kirafiki ambazo Santos walizunguka dunia wakizicheza. Yaondoe yote hayo. Pelé hashuki hata ngazi moja, maana hatukumpandisha kwa ajili yake.

Kipimo ninachokiamini mimi nakitafuta upande wa pili, kwa wanaomkaba.

Kijana mwenye kipaji akija msimu wake wa kwanza, anapewa uwanja bure. Hakuna anayejua anapenda kugeukia mguu gani, hakuna aliyemkalia kikao. Sote tumewaona kwenye ligi zetu: winga anatokea, mechi tano sita mabeki wanalala chini, magazeti yanampa jina la utani, mashabiki wanaanza kusema Ulaya inamwita. Msimu unaofuata kila kocha ameshatazama video zake. Beki anamnyima ule upande anaoupenda, kiungo anashuka kusaidia, na kijana anajikuta anapokea mpira huku ameupa lango mgongo. Ikifika Machi yuko benchi. Watu wanasema amelewa sifa, au amerogwa. Mara nyingi kilichomkuta ni kimoja tu: amejulikana.

Mkubwa wa wakati wote ni yule ambaye kujulikana kwake hakukumsaidia mpinzani. Wamemsoma, wamemwekea mtu, wamemwekea wawili, wamebadili mfumo mzima kwa ajili yake, wamempiga mateke, na bado mechi inaamuliwa na yeye. Na hali hiyo inaendelea kwa miaka, mpaka waliomkaba mwanzo wanastaafu na kuwaachia kazi wadogo zao. Makombe na mabao yanaingia katika kesi hii kama vielelezo. Wakati mwingine vielelezo hupotea, na kesi ikabaki palepale.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Garrincha. Alikuwa winga wa kulia wa Botafogo na Brazil, miguu yake imepinda, mmoja ukiangalia ndani na mwingine nje. Karibu kila beki wa kushoto aliyekutana naye alijua anachokwenda kufanya: atasimama, atazungusha mwili kama anayeingia ndani, kisha atapita kulia. Basi. Hakukuwa na siri. Inasimuliwa kwamba siku ya majaribio pale Botafogo alimpitia Nílton Santos, mmoja wa mabeki bora wa kizazi kile, na Nílton mwenyewe ndiye aliyewaambia viongozi wamsajili upesi asije akakutana naye akiwa timu nyingine. Mwaka 1962 kule Chile, Pelé aliumia katika mechi ya pili. Kila timu iliyobaki ikajua ni nani wa kumzuia. England wakafungwa 3–1, mawili ya Garrincha. Wenyeji Chile wakafungwa 4–2 katika nusu fainali, mawili ya Garrincha. Brazil haikuwahi kupoteza mechi hata moja ambayo Pelé na Garrincha walicheza pamoja, na watu humpa sifa hiyo Pelé peke yake, jambo ambalo mimi naliona ni dhuluma.

Kwa Diego Maradona kuna kitu adimu: tunaweza kuuona mtihani akiufeli, kisha akiufaulu, miaka minne baadaye.

Juni 29, 1982, Kombe la Dunia, uwanja wa Sarrià mjini Barcelona. Maradona ana miaka 21, dunia nzima imeshaambiwa ndiye mrithi wa Pelé, na Italia wamemkabidhi kwa beki wao Claudio Gentile. Tazama picha za mechi ile hata leo. Gentile hachezi mpira, anamcheza mtu. Anamvuta jezi, anamsukuma mgongoni kabla mpira haujafika, anamkanyaga kisigino, anainua mikono kwa mwamuzi, anarudi tena. Hesabu inayotajwa siku zote ni faulo 23 katika mechi moja. Italia walishinda 2–1. Siku tatu baadaye dhidi ya Brazil, Maradona, amechoka na amekasirika, alimpiga Batista teke la tumboni na kutolewa kwa kadi nyekundu. Kama angeishia hapo, leo tungemkumbuka kama kipaji ambacho Waitalia walikipatia dawa.

Aende wapi baada ya hapo? Miaka miwili baadaye, baada ya kuvunjwa kifundo cha mguu Hispania, alikwenda kuishi kwa haohao Waitalia. Huwa hatulipi uzito wa kutosha jambo hilo. Ligi ya Italia ya miaka ya themanini ndiyo iliyokuwa shule ya ukabaji duniani, na yeye aliingia humo akiwa na Napoli, timu ambayo haikuwahi kutwaa ubingwa tangu ianzishwe. Kila Jumapili alikutana na mwanafunzi mwingine wa Gentile. Ubingwa wa kwanza ukaja 1987, wa pili 1990, katikati yake Kombe la UEFA la 1989.

Ndiyo maana Mexico 1986 hainishangazi kama inavyowashangaza wengine. Bao lile la pili dhidi ya England, la dakika ya 55, linapendwa kwa sababu ya watu aliowapita: Beardsley, Reid, Butcher, Fenwick, Butcher tena, na mwisho Shilton. Mimi huangalia zaidi fainali. Franz Beckenbauer, kocha wa Ujerumani Magharibi, alimpa Lothar Matthäus kazi moja, kumfuata Maradona popote aendapo. Na kwa sehemu kubwa ya mechi kazi ile ilifanyika. Maradona hakufunga. Argentina waliongoza 2–0 kwa mabao ya Brown na Valdano, Wajerumani wakarudisha yote mawili kwa kona, zikiwa zimebaki kama dakika kumi, na pale Azteca kila mtu alihisi mechi imegeuka. Dakika ya 84, katikati ya uwanja, akiwa amezungukwa, mpira ukamdundia. Hakuutuliza. Aliusukuma kwa mguso mmoja kwenye uwazi ulioachwa na Wajerumani waliopanda kutafuta bao la tatu, Jorge Burruchaga akakimbia nao peke yake, 3–2. Dakika zote zile za kukabwa, na nafasi moja ya kupumua ikatosha. Beckenbauer hakukosea mpango wake. Alipanga vizuri na akafungwa.

Pelé naye ana historia ya namna hiyo, ingawa kwake inasahaulika kwa sababu ya mapambo ya makombe matatu. Mwaka 1966 Wabulgaria walimpiga, Wareno wakammaliza. Wakati huo hakukuwa na kadi katika Kombe la Dunia wala ruhusa ya kubadili mchezaji, kwa hiyo alibaki uwanjani akichechemea mpaka mwisho, na Brazil wakatolewa hatua ya makundi. Aliapa hatarudi. Alirudi 1970 akiwa na miaka 29, mchezaji tofauti, anayecheza nyuma kidogo na kuwapa wengine mipira. Ile pasi aliyomwekea Carlos Alberto katika bao la nne dhidi ya Italia ni ya mtu anayejua kwamba macho yote yako kwake na anayatumia. Kuna jambo jingine la 1970 linalonifurahisha: vitu vyake viwili vinavyokumbukwa sana, ule mpira wa kutoka katikati ya uwanja dhidi ya Czechoslovakia na ile chenga ya kumpita kipa wa Uruguay bila kuugusa mpira, vyote havikuwa mabao. Vyote vilitoka nje. Mwenye daftari la takwimu hana pa kuviandika.

Sasa Messi. Mei 2, 2009, Bernabéu, uwanja wa Real Madrid, kocha wa Barcelona Pep Guardiola alimtoa pembeni akamweka katikati, mahali pa mshambuliaji, kisha akamruhusu arudi nyuma atakavyo. Cannavaro na Metzelder, mabeki wa kati wa Real Madrid, walibaki wanatazamana: tumfuate tuache pengo, au tubaki tumwache ageuke? Barcelona 6, Madrid 2. Hiyo bado haihesabiki katika mtihani wangu, kwa sababu ilikuwa jambo jipya.

Majibu yalikuja haraka. Mwaka uliofuata kocha José Mourinho na Inter ya Italia waliweka ukuta katikati, wakacheza mechi ya marudiano Camp Nou, kwa Barcelona, wakiwa pungufu kwa zaidi ya saa nzima, Samuel Eto'o, mshambuliaji mzima, akikaba kama beki wa pembeni, na Messi hakufunga katika mechi zote mbili. Inter wakatwaa ubingwa wa Ulaya, na McDonald Mariga aliyekuwa kikosini akawa Mkenya wa kwanza kuupata. Dawa ilikuwa imepatikana, au ndivyo ilivyosemwa. Mourinho akahamia Madrid nayo. Aprili 2011, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa, alimtoa Pepe kwenye beki akamweka kiungo, kazi yake kuua njia za Messi. Pepe akala kadi nyekundu dakika ya 61. Messi akafunga dakika ya 76, kisha dakika ya 87 akachukua mpira karibu na katikati akawapita wanne na kufunga la pili. Mwaka 2012 alifunga mabao 91, na hapo hakuna kocha duniani ambaye hakuwa na faili lake.

Watetezi wa Messi husimama kwenye hayo mabao 91. Mimi ningewapeleka Desemba 13, 2022, nusu fainali dhidi ya Croatia. Joško Gvardiol ana miaka 20, amevaa barakoa usoni, mpaka siku ile ndiye beki aliyesifiwa kuliko wote katika mashindano. Ana nguvu, ana kasi, ana miaka kumi na mitano pungufu ya mtu aliye mbele yake. Amekua akimwangalia Messi kwenye runinga. Dakika ya 69 Messi anaupokea mpira upande wa kulia, karibu na mstari wa katikati, na Gvardiol yuko naye bega kwa bega. Messi anakimbia, Gvardiol anakimbia. Messi anasimama, Gvardiol anasimama. Anageuka kama anayerudi alikotoka, Gvardiol hadanganyiki. Wanafika ndani ya boksi, Messi amempa mgongo, hana pa kwenda, na hapo ndipo anapojizungusha kuelekea mstari wa goli, anatangulia kwa nusu hatua na kumrudishia Julián Álvarez, bao la tatu. Gvardiol hakufanya kosa lolote ambalo kocha angeweza kumwonyesha kesho yake. Alifanya kila alichofundishwa, dhidi ya mzee anayetembea sehemu kubwa ya mechi.

Kutoka Metzelder mpaka Gvardiol ni miaka kumi na mitatu. Hiyo ndiyo hoja yangu yote kuhusu Messi, na ingesimama hata kama Kolo Muani angefunga.

Cristiano Ronaldo alifaulu mtihani uleule kwa njia nyingine, na naona haijasifiwa inavyostahili. Yeye hakubaki palepale akawangoja wamkabe. Alifika Manchester United 2003 akiwa winga wa madoido mengi. Mabeki walipoanza kumzoea akawa mfungaji anayetokea pembeni. Mwili ulipoanza kupunguza mbio akahamia ndani ya boksi akawa mtu wa mguso mmoja na kichwa. Kila walipofungua faili lake walikuta mtu aliyekwisha kuondoka. Mabao 450 katika mechi 438 za Real Madrid hayapatikani kwa kushtukiza. Ninapomshusha chini ya Messi na Maradona sababu ni moja: katika Kombe la Dunia, mashindano matano mpaka 2022, hakufunga hata bao moja katika hatua ya mtoano. Silaumu medali aliyoikosa. Nasema pale ambapo mpinzani ana siku nne tano za kujiandaa kwa ajili yake tu, mara nyingi mpinzani alipata jibu. Na mashabiki wake waache kunitolea Euro 2016 kama ushahidi. Fainali ile aliumia mapema, akatoka dakika ya 25, na bao alifunga Eder.

Hapa ndipo nitakapowaudhi watu: Ronaldinho hayumo. Najua. Novemba 2005 mashabiki wa Real Madrid walisimama Bernabéu wakampigia makofi akiwa na jezi ya Barcelona, na mimi sijawahi kufurahi kutazama mpira kama enzi zile. Lakini kilele chake kilikuwa cha miaka michache, na 2008 Barcelona walikwisha kumwachia aondoke, akiwa na miaka 28. Alijulikana, na hakutaka kazi ya kujibadilisha. Mlinganishe na Mbrazili mwenzake, Ronaldo Nazário, ambaye magoti yalimwangusha mara mbili akiwa Inter, akakaa nje karibu misimu miwili, na akarudi 2002 kufunga mabao 8 katika Kombe la Dunia, mawili katika fainali. Yule alikuwa amepoteza nusu ya mbio zake na bado hawakuwa na jibu. Kwa sababu hiyohiyo naomba Lamine Yamal, kijana wa Hispania, aachwe apumue. Bao lake dhidi ya Ufaransa katika Euro 2024, akiwa na miaka 16, lilikuwa la ajabu, lakini faili lake ndiyo kwanza linafunguliwa.

Mabeki na makipa ni kesi ngumu, kwa kuwa kwao mambo yanageuka: dalili ya ukubwa ni pale ambapo hakuna kinachotokea. Washambuliaji wanaacha kupita upande wao. Paolo Maldini alicheza AC Milan kuanzia 1985 mpaka 2009, akatwaa Ulaya mara tano, na ukitafuta video zake za kusisimua utachoka. Mwaka 1994 Milan walikwenda fainali ya Ulaya bila mabeki wao wa kati, Baresi na Costacurta, Maldini akasogezwa katikati kuwakabili Romário na Stoichkov wa Barcelona, matokeo 4–0 kwa Milan. Nani alimwona Romário siku ile?

Kipimo hiki, hata hivyo, kina deni moja, nalo linatuhusu sisi. Ili mtu ajulikane na bado awashinde, kwanza lazima apewe nafasi ya kujulikana. Nani alimpa Mwafrika nafasi hiyo?

Mwaka 1966 nchi za Afrika zilisusia Kombe la Dunia kwa sababu FIFA ilizigawia Afrika, Asia na Oceania nafasi moja ya kugombania. Mwaka 1974 Afrika nzima ilikuwa na nafasi moja. Ballon d'Or, tuzo ya mchezaji bora, mpaka 1994 ilikuwa ya wachezaji wa mataifa ya Ulaya tu. Weka hayo mezani, kisha mtaje Godfrey Chitalu wa Zambia. Messi alipoivuka rekodi ya Mjerumani Gerd Müller ya mabao 85 katika mwaka mmoja, Wazambia walisimama wakasema Chitalu alifunga 107 mwaka huohuo wa Müller, 1972. FIFA ikajibu kwamba haina namna ya kuthibitisha. Chitalu mwenyewe hakuwepo kujitetea. Alikufa Aprili 1993 akiwa kocha wa timu ya taifa, katika ajali ya ndege kule Gabon. Hapa hata sidai kwamba alikuwa sawa na Müller. Ninachosema ni kwamba Müller alikabwa mbele ya kamera, na Chitalu akakabwa mbele ya watu wa Kabwe, mji wa klabu yake.

Au Ndaye Mulamba wa Zaire. AFCON ya 1974 kule Misri alifunga mabao 9, rekodi ya mashindano mamoja ambayo mpaka leo haijavunjwa. Angalia alivyoyafunga. Nusu fainali dhidi ya wenyeji Misri, mawili. Fainali dhidi ya Zambia ikaisha 2–2, yote mawili ya Zaire ni yake. Wakati ule sare ilimaanisha mechi kurudiwa. Zambia walikuwa na siku mbili za kufikiria mtu mmoja tu, mtu waliyetoka kumkaba kwa dakika 120. Mechi ya marudio iliisha 2–0, na yote mawili alifunga Ndaye. Nikiambiwa nichague mfano mmoja mfupi wa kila ninachokisema katika makala hii, ni hizo siku mbili za Cairo.

Miezi mitatu baadaye alikwenda Ujerumani na Zaire, timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kufika Kombe la Dunia. Posho hazikulipwa, wachezaji wakafikiria kugoma, wakaingia uwanjani dhidi ya Yugoslavia wakafungwa 9–0, na Ndaye akapewa kadi nyekundu mapema katika mechi hiyo. Dunia ilimwona kwa muda mfupi tu. Mwaka 1998, katika AFCON ya Burkina Faso, uwanja ulisimama kimya kwa dakika moja kumwombolezea baada ya taarifa kwamba amekufa. Alikuwa hai, Cape Town, maskini. Alifariki Januari 2019. Kipimo changu hakiwezi kumweka karibu na Maradona, kwa kuwa hakukutana na Gentile wa kutosha. Kosa hilo si lake.

George Weah walau alifunguliwa mlango. Mwaka 1995, mwaka wa kwanza Ballon d'Or kuruhusu wasiotoka mataifa ya Ulaya, aliichukua, na akaichukua kwa kazi aliyoifanya Paris na kisha katika ligi ileile ya wakabaji, Italia. Bao lake la Septemba 1996 dhidi ya Verona, kutoka boksi lake mpaka la wapinzani, ni la mtu ambaye jina lake kila beki pale San Siro alikuwa nalo kichwani. Liberia haikufika Kombe la Dunia, na anayemhukumu kwa hilo arudi akasome upya habari za Guivarc'h.

Anabaki Eusébio, mtoto wa Lourenço Marques, Maputo ya leo, aliyelazimika kuichezea Ureno kwa kuwa Msumbiji ilikuwa koloni. Mabao 9 mwaka 1966, manne kati yake dhidi ya Korea Kaskazini iliyokuwa ikiongoza 3–0. Katika madaftari yetu ndiye Mwafrika wa kwanza kukaa meza moja na Pelé, na moyo wangu unataka kumwacha hapo. Lakini kipimo ni kipimo. Nusu fainali ya 1966 England walimwekea Nobby Stiles, mtu mfupi, asiyesifiwa kwa chochote isipokuwa ubishi, na Eusébio akapata bao moja la penalti tu, England 2–1. Miaka miwili baadaye, fainali ya Ulaya, Wembley ileile, Manchester United wakamwekea Stiles yuleyule, na Benfica wakafungwa 4–1. Mara mbili, uwanja mmoja, mkabaji mmoja. Mimi namweka ndani ya kumi bora, nje ya watatu wa juu, na anayetaka kunipinga aanze kwa kunieleza habari za Stiles.